Sisimizi katika Mkono wa Jamsran

Bonde la Tamir, Arkhangai
5 Aprili 1998

Mpwa wangu Narmandakh, daktari wa ukoo mzima,

Kabla hujasoma mstari wa pili, kaa kitako, maana barua hii inatoka kwa mtu ambaye bila yeye michezo ya Naadam ya wilaya yetu haianzi. Sijisifu, kujisifu nimemwachia Choimbol. Mwaka jana nilichelewa kidogo tu, farasi wangu alikuwa amejipa ruhusa ya kwenda kwao, na mkuu wa wilaya mwenyewe, medali zikimning'inia kifuani, alisimama juani akasema, "Hatufungui sherehe mpaka Jamsran afike." Waliokuwepo wanakumbuka. Asiyekumbuka hakuwepo.

Kidole changu cha kati unakijua. Kikikifyatua kigae cha pembe juu ya ubao, kigae kinatoka kikilia, na vifupa vya kondoo vilivyosimamishwa dhiraa tisa mbele vinaanza kuanguka kabla hakijafika, kwa hofu tu. Ndiyo maana katika timu yetu mimi ndiye ninayerusha wa mwisho. Wenzangu wanaharibu, mimi natengeneza.

Sasa sikiliza, na usimwambie mama yako, maana dada yangu akianza kulia mto unafurika. Tangu Mwezi Mweupe, sikukuu yetu ya mwaka mpya, upite, mkono wangu wa kulia unakufa ganzi na kunguruma. Si maumivu! Maumivu ni ya watu wadogo. Ni kama sisimizi wanahama, na watoto wao na vyombo vyao, wanapita mkononi mwangu bila kuomba njia. Sababu nazijua, nataka tu wewe unithibitishie kwenye vitabu vyako. Ama ni nguvu iliyozidi, haina pa kutokea. Ama ni yule mbwa mwitu niliyemshika mkia mwaka juzi nikamzungusha juu ya kichwa mpaka akasahau alikotoka. Huenda mshipa ulinyooka kupita kiasi. Ama ni ile radi iliyowahi kunipiga, ingawa radi naona ilinipenda.

Kuna jambo dogo. Juzi Choimbol alikuja kwetu, tukabadilishana vichupa vya ugoro kama watu wastaarabu, na chake kikaniponyoka. Cha jiwe la akiki, cha babu yake. Hakikuvunjika, lakini kilibiringika mpaka kwenye majivu. Choimbol akakiokota, akakipangusa taratibu, akasema mbele ya wageni, "Kaka Jamsran, leo mkono umelewa kabla ya mwenyewe?" Wakacheka wote. Nina hakika alikipaka mafuta.

Nitumie dawa. Iwe chungu sana, isije ikaonekana naumwa ugonjwa wa kitoto. Naadam ni tarehe kumi na moja Julai. Timu ina viti vinane, na Choimbol ni mtu wa tisa, anayengoja mmoja wetu aumwe. Unanielewa.

Mjomba wako, mlengaji,
Jamsran


Ulaanbaatar, bweni la wanafunzi wa udaktari
17 Aprili 1998

Mjomba wangu mpendwa,

Natumaini mifugo imetoka salama kwenye baridi na wewe na Mama Dolgor mu wazima. Mimi mzima, isipokuwa mitihani inanikondesha.

Dawa sitakutumia bado. Ganzi yenyewe si ugonjwa, Mjomba. Ni kama mbwa anayebweka nje: unajua kuna mtu amekuja, lakini hujui ni nani. Huenda ni shingo, maana mishipa ya fahamu ya mkono inatokea kati ya pingili za shingo, na ikibanwa huko mkono mzima unalalamika. Huenda ni kiwiko. Huenda ni kifundo cha mkono. Akina mama wanaokamua sana hupata hiyo, na huwaamsha usiku wakikung'uta mikono. Huenda ni kisukari. Huenda ni vodka, samahani kwa kuitaja, kwa sababu ikinywewa miaka mingi inaunguza ncha za mishipa. Na mara chache ni moyo, au kiharusi, na hao hawangojwi.

Kwa hiyo nijibu. Ni vidole gani hasa? Inaanzia wapi na inaishia wapi? Inakuja saa ngapi, ukiwa unafanya nini? Mkono umepungua nguvu? Unakunywa kiasi gani? Na siku uso ukipinda, ulimi ukiwa mzito, au mkono ukilegea ghafla, usiniandikie barua: panda chochote chenye injini ukimbilie hospitali.

Naomba majibu ya kweli, si ya sherehe. Mbwa mwitu simhitaji.

Mpwa wako,
Narmandakh


Bonde la Tamir
2 Mei 1998

Mpwa wangu,

Umeniuliza maswali kama askari wa mpakani. Haya, pokea.

Vidole gani? Vyote! Mtu wa hadhi yangu atakufaje ganzi vidole viwili, kama mshona kofia? Vyote vitano, na ningekuwa na cha sita nacho kingenguruma. Inaanzia wapi? Vidoleni. Inaishia wapi? Haiishii. Inapanda begani, inavuka kifua kama farasi wa mashindano, inafika tayani. Wakati mwingine jino linalia. Inakuja saa ngapi? Wakati wowote, haina adabu. Nguvu haijapungua hata chembe. Jana nilimbeba ndama wa yaki, na mama yake juu yake.

Vodka: namnyunyizia Mbingu kwa kidole cha pete kama walivyofanya wazee, na lile tone linalobaki kidoleni ndilo ninalokunywa.

Hapa kila mtu amekuwa daktari. Bibi mmoja ameuzungushia mkono wangu ngozi ya kondoo aliyechinjwa sasa hivi, mbwa wote wa bonde wakanifuata. Mwunga mifupa amenivuta bega mpaka nikaona mababu. Lama, mtawa wetu wa Kibuddha, amepiga ramli akasema nimeiudhi chemchemi fulani. Nimeiomba msamaha kila chemchemi ninayoijua, na moja ambayo baadaye niligundua ni bomba la shamba lililotoboka.

Na Choimbol anafanya mazoezi nyuma ya hema lake. Upepo ukivuma huku namsikia: tak, tak, tak, kama mbuzi juu ya bati. Mbele ya watu ananisalimia kwa unyenyekevu mkubwa: "Kaka, mkono haujambo? Tunauombea." Unauombea nini? Ufe?

Fanya haraka. Ubao wangu unanitazama ukutani kama mjane.

Jamsran


SIMU YA MAANDISHI
KUTOKA ULAANBAATAR, 9 MEI 1998
KWA NYUMBA YA JAMSRAN, BONDE LA TAMIR

MJOMBA ASIRUSHE KIFUPA TENA. ASIPANDE FARASI. HUENDA NI MOYO. MPELEKENI HOSPITALI TSETSERLEG LEO LEO.
NARMANDAKH


Bonde la Tamir
18 Mei 1998

Narmandakh,

Sikuanzi kwa "mpwa wangu" kwa sababu leo sijui kama ninaye.

Unajua simu ya maandishi hapa inafikaje? Mama wa posta, ambaye Mungu alimpa sauti ya kuitia ngamia, aliifungua dirishani akaisoma yote mbele ya waliokuja kuchukua pensheni. Kabla sijamaliza kikombe changu cha chai, wazee watatu walikuwa wameshafika hemani kwangu kutazama kama bado niko hai. Mmoja alikuja na siagi ya taa ya maombi.

Jioni alikuja nahodha wetu, Sodnom. Mzee Sodnom haongei sana. Alikunywa chai, akatazama moto, akasema, "Jamsran, ndugu yangu, mtu akifa katikati ya mchezo tunapoteza mtu, na kigae alichoshika nacho hakihesabiwi. Pumzika." Kiti changu akampa Choimbol. Choimbol alikuja kesho yake kunipa pole, kofia mkononi. "Kaka, mimi nakitunza tu. Kikishapata joto nitakuita." Ilibidi mke wangu Dolgor anishike mkanda.

Tsetserleg nilikwenda, kwenye lori la sufu, nimelazwa juu ya magunia kama mtu mashuhuri anayerudishwa kwao. Wakanibandika nyaya kifuani, mashine ikaandika milima na mabonde. Daktari akasema, "Moyo wako ni wa kawaida." Wa kawaida! Niliudhika kuliko kama angeniambia naumwa. Nikamwuliza, na damu? Akapima sukari, akasema nayo ni ya kawaida. Nilitoka pale mtu wa kawaida, sina kiti, na sisimizi wangu wote nikirudi nao.

Umeniua, mtoto wa dada yangu. Miaka yote hii watu walikuwa wakisema "wa mwisho ni Jamsran." Sasa wanasema "marehemu mtarajiwa."

Jamsran, asiye na kiti


Ulaanbaatar
25 Mei 1998

Mama Dolgor mpendwa,

Nakuandikia wewe, siyo Mjomba. Mpelekee salamu zangu kama anazipokea.

Nimelia, halafu nikakaa nikafikiri. Mtu akiniambia ganzi inapanda kifuani na tayani, nikikaa kimya si daktari, ni mwuaji. Ningeituma tena ile simu. Lakini kama moyo ni mzima na sukari haipo, basi ama mashine ilikosea, ama Mjomba alinipa ugonjwa mkubwa kuliko alio nao. Nani anamjua zaidi yako?

Naomba unisaidie, wewe uwe macho yangu na mikono yangu. Chukua kipande cha mkaa, mwambie afumbe macho, umguse mkononi kwa ncha ya unyoya, na pale anaposema hasikii vizuri upake mkaa. Kisha uichore hiyo picha unitumie. Mpe karatasi aibane kati ya kidole gumba na cha shahada, wewe uivute. Tazama kama gumba linajikunja kama ndoano ili lisishindwe. Halafu gonga kidogo kwa kidole chako kwenye kifundo cha mkono, upande wa kiganja. Gonga tena nyuma ya kiwiko, upande wa ndani, pale kwenye mfereji wa mfupa. Mwambie ageuze shingo huku na huku. Niambie ni wapi anashtuka.

Na uniambie kweli kuhusu vodka. Na jioni anakaaje, analalaje, anaegemea nini. Hata kama jambo unaliona halina maana.

Mtoto wenu,
Narmandakh


Bonde la Tamir
31 Mei 1998

Mwanangu Narmandakh,

Mimi si mtu wa barua, nitasema moja kwa moja, halafu niende nikakamue.

Picha hiyo hapo nyuma. Kama unavyoona, mkaa umekaa kidole cha mwisho chote na nusu ya kidole cha pete, ile nusu inayotazamana na cha mwisho. Basi. Vingine vitatu anasikia hata manyoya ya paka. Kifuani hakuna kitu. Tayani hakuna kitu. Nilimwuliza, "Mbona ulimwandikia mtoto ni vidole vyote?" Akasema, "Dolgor, vidole viwili ni ugonjwa gani huo wa kumwandikia mtu wa mjini?"

Karatasi niliivuta, ikatoka kama nywele kwenye siagi. Gumba lilijikunja kweli kama ulivyosema, naye akasema karatasi ilikuwa mbovu. Shingo inageuka vizuri, hasa kukiwa na mgeni mwenye chupa. Kifundo cha mkono nilikigonga, akapiga miayo. Kiwiko nilikigonga hivi tu, kidogo, mwanangu, aliruka akapiga teke ndoo ya maziwa. Maziwa yote yamekwenda. Kwa hiyo jibu lako unalo, na mimi sina mtindi.

Vodka anakunywa kama wanaume wengine: wakati wa sherehe inaonekana, siku za kawaida haionekani. Si hiyo.

Sasa hili la kukaa. Unakumbuka zamani alivyokuwa akijilaza pale nyuma, mahali pa heshima, mbele ya makasha, anaegemea mkono wa kushoto na kuwatazama wageni ng'ambo ya moto? Kabla ya Mwezi Mweupe tulitoa sanduku la marehemu baba yangu, lile lililofichwa zamani zile dini ilipopigwa marufuku, tukairudisha sanamu yake ya Buddha mahali pake pale juu ya makasha. Nikamwambia mume wangu, "Hapa hulali tena. Mungu hapewi mgongo." Basi amehamia mashariki, kwenye kitanda changu. Na kule, kichwa kikiwa kwa Mungu na nyayo mlangoni kama inavyopasa, ili awaone wageni na moto hana namna ila kuulalia mkono wa kulia. Anaegemeza kiwiko kwenye ule ukingo wa chuma wa kitanda, shavu kiganjani, mkono umekunjwa kama kisu cha mfukoni, na mbwa mwitu anaanza kuzungushwa. Mbwa mwitu huyo sasa hazunguki upesi. Chai inachemshwa upya mara mbili kabla hajatua chini.

Sijui kama hilo lina maana kwako.

Dolgor


Ulaanbaatar
6 Juni 1998

Mjomba wangu, mwenye moyo wa kawaida na midomo isiyo ya kawaida,

Nimempata mwizi wako! Nilipoisoma barua ya Mama Dolgor nilipiga kelele mpaka wenzangu wa chumbani wakadhani nimeposwa.

Si nguvu, si radi, si chemchemi, si mbwa mwitu. Ni kiwiko. Kuna mshipa wa fahamu unaoshuka mkononi, na nyuma ya kiwiko unapita nje nje, chini ya ngozi tu, ndani ya kile kimfereji cha mfupa. Ukijigonga pale unaona nyota, ni huo. Mshipa huo ndio unaokipa uhai kidole cha mwisho na nusu ya cha pete, na ndio unaoitia nguvu misuli midogo ya kubania gumba. Ukikunja mkono muda mrefu unavutika kama uzi wa upinde. Ukiuegemeza juu ya chuma unapondwa. Wewe unafanya yote mawili kila jioni, kwa sababu unampisha Mungu. Chupa ya Choimbol haikuwa na mafuta, Mjomba. Gumba lilikosa nguvu.

Haya ndiyo matibabu, na yatakuuma kuliko sindano: usiegemee. Kabisa. Usiku mkono usikunjwe. Mama Dolgor akufungie kitu kinene cha sufu kwenye kiwiko ili kisikunjike ukiwa usingizini. Ubao wa kurushia usiushike mpaka sisimizi wapungue. Na hadithi zako simulia ukiwa umekaa wima, au umesimama.

Ungeniambia vidole viwili tangu Aprili, leo ungekuwa kwenye kiti chako. Sikulaumu sana, najua vidole viwili ni vichache kwa mtu kama wewe. Lakini mshipa hausikilizi sifa. Wiki tano zimebaki. Wengi waliowahi mapema hupona, na mimi nimeuweka moyo wangu hapo.

Nimeandika barua nyingine kwa Mzee Sodnom, mwalimu wangu ameitia sahihi, kwamba moyo wako hauna neno. Nimemwomba asimpe mama wa posta aisome. Au ampe, vyovyote utakavyo.

Mpwa wako (kama bado unaye),
Narmandakh


Bonde la Tamir
28 Juni 1998

Mpwa wangu! Mpwa wangu wa pekee, wengine ni watoto tu wa dada!

Barua ya moyo niliichukua kwa Sodnom nikampelekea mama wa posta mimi mwenyewe, nikamwambia, "Soma, na usiogope kupaza sauti." Aliisoma mpaka farasi waliofungwa nje wakatega masikio.

Mateso niliyoyapata hayajaandikwa. Dolgor alikata shina la buti langu la sufu, la mguu wa kulia, buti ambalo bado lilikuwa na maisha, akanivika kiwikoni akalifunga kwa kamba. Nalala mkono umenyooka kama kigingi cha kufungia farasi. Nikijisahau mchana nikaegemea, ananipiga na kitambaa cha vyombo bila hata kugeuka kutazama. Ana macho mgongoni yule mwanamke, na yote mawili ni ya daktari.

Siku za kwanza za kusimulia nimesimama niliona aibu. Mikono nayo niipeleke wapi? Lakini ukisimama, mpwa wangu, mbwa mwitu anapata nafasi! Namshika mkia, nazunguka mwenyewe, wageni wanainama. Juzi mzee mmoja aliinama akaangukia kwenye kapu la mavi makavu ya kuwashia moto. Sasa wanakuja watu wa mabonde mengine, Dolgor anasema chai itatumaliza.

Na sisimizi wamehama! Waliondoka kidole cha pete kwanza, usiku mmoja, bila kuaga. Cha mwisho kimebaki na vikongwe wachache wanaosinzia. Karatasi ya Dolgor sasa inachanika kabla haijatoka.

Jana nilikwenda mazoezini. Choimbol alikuwa kwenye kiti changu. Aliniona, akatoa kichupa chake cha akiki mbele ya wote, akanyoosha mkono. Alikuwa ananipima, mjanja yule. Nikakipokea kwa mkono wa kulia, nikanusa bila haraka, nikakigeuza nikalisifu jiwe lake, nikakirudisha. Sodnom akasema, "Choimbol, simama kidogo. Jamsran, kaa. Mrushe wote wawili, vifupa ndivyo viseme." Vikasema. Mwanzo alinitangulia, sitaficha, kidole kilikuwa na kutu. Halafu kikaamka. Mwisho nilimwacha nyuma kwa kifupa kimoja.

Choimbol alivua kofia akajikuna. Akasema, "Kaka, kiti nimekipasha joto kama nilivyoahidi. Ila mguu wake mmoja ni mfupi, unajua?" Nikamwambia, "Najua, ndiyo maana wageni hawakiwezi." Tukacheka. Ni mtu wa kawaida tu, Choimbol. Nalisema hilo kwa mapenzi.

Mlengaji wa mwisho wa timu,
Jamsran


Ulaanbaatar
4 Julai 1998

Mjomba,

Kifupi tu, dereva anapiga honi. Naadam sitaifika, mtihani wa mwisho ni tarehe nane halafu nina zamu ya wodini. Lakini sikiliza: jana kwenye mtihani wa mdomo niliokota kikaratasi cha swali, nalo lilikuwa ganzi ya mkono na sababu zake. Niliwataja wote, shingo, kifundo, sukari, pombe, moyo, nikaeleza jinsi ya kumtofautisha mmoja na mwenzake. Kisha nikauchora ule mkono wa mkaa wa Mama Dolgor. Profesa akauliza, "Kidole cha pete nusu tu? Wengi husahau. Umesoma wapi?" Nikasema, "Kwa mgonjwa wangu wa kwanza, Profesa. Alinificha mpaka nikamjua." Akanipa alama za juu kabisa.

Kati ya raundi nyoosha mkono. Usikae umeukunja ukingoja zamu. Na niandikie yote. Nitakuwa wodini tarehe kumi na moja, lakini masikio yatakuwa huko.

Narmandakh


Bonde la Tamir
13 Julai 1998

Daktari wangu Narmandakh,

TUMESHINDA! Nimeandika kwa herufi kubwa ili usisumbuke kusoma mengine, lakini yasome.

Mpaka fainali tulifika kwa raha, raha ya wengine, maana mimi nilikuwa nanyoosha mkono kila dakika kama mtu anayeelekeza lori. Fainali tulipambana na timu ya Bonde la Juu, watu wenye vidole kama vigingi na kiburi cha kuwashibisha miezi sita bila chakula. Walirusha, tukarusha. Jua likapanda mpaka juu ya kofia zetu. Watu wakaacha mieleka, mpwa wangu, wakaacha mieleka! wakaja kutuzunguka, wengine juu ya farasi, na mtoto mmoja juu ya ngamia ambaye naye alitazama.

Tukawa sawa. Kwetu kigae kimebaki kimoja, changu. Vifupa vimebaki viwili: kimoja karibu, kimesimama wazi kama mgeni mlangoni, kingine nyuma ya hicho na pembeni, kimejificha, kinaonyesha sikio tu. Nikiangusha kimoja, chochote kile, tumeshinda. Nikikosa, wao bado walikuwa na kigae.

Nilikaa kwenye kiti chenye mguu mfupi. Nikaweka ubao gotini. Wenzangu wakaanza kuimba, ile sauti ndefu ya kumsindikiza mrushaji, na nyuma yao nikasikia sauti moja imezidi zote, imekwaruza, inapotea njia na kurudi. Choimbol! Mtu wa tisa, hana kiti, mishipa ya shingo imemtoka. Kidole cha mwisho kikanisisimka kidogo. Nikakiambia, leo hapana, wewe si wa kurusha, nyamaza uangalie wenzako wakifanya kazi.

Nikafyatua.

Kigae kikatoka kikilia. Kilipita kile cha karibu, hakikukigusa hata vumbi, kikaenda kukichota kile kilichojificha kwa sikio lake, kikakitupa mbali mpaka kwenye miguu ya yule ngamia. Halafu kelele ya shangwe, "Uukhai!", ikapaa, kofia zikapaa, Sodnom ambaye haongei akalia kama ndama, Dolgor akanipiga na kitambaa cha vyombo kwa furaha, maana hakuwa na kitu kingine mkononi. Choimbol alinibeba. Ndiyo, yeye. Alizunguka na mimi uwanja mzima akipiga kelele, "Mnaona mkono huu? Huu mnauona?"

Nahodha wa Bonde la Juu alikuja kunisalimu, mtu mzima mwenye heshima zake. Akaniuliza, "Mzee, nimerusha vifupa tangu utoto, sijaona kitu kama kile. Kwa nini uliacha kilicho karibu ukakifuata kilichojificha?" Nikamtazama, nikapangusa kigae changu, nikamwambia, "Cha karibu nawaachia watoto."

Sasa wanalisema hilo bonde zima. Mama wa posta analisema kila anapofungua dirisha. Jana nimelisikia kwa dereva wa Tsetserleg, ambaye hakunijua, akanisimulia mimi mwenyewe, na kwake kifupa kilikuwa kimefichwa nyuma ya jiwe. Sikumsahihisha. Vijana wawili wameomba niwafundishe. Mkuu wa wilaya amenishika mkono kwa mikono miwili. Ukipita hapa majira ya vuli utakuta watu wanakuita "mpwa wa yule," na wewe usikatae. Nusu ya ushindi ni wako, na nusu ya buti pia, kama unalitaka.

Mkono hauna neno. Kidole cha mwisho kinasinzia asubuhi, kikipata chai kinaamka. Siegemei. Nasimulia nimesimama.

Na hili la mwisho ulichome ukishalisoma. Dolgor halijui, Choimbol halijui, Sodnom akilijua atarudia kulia. Lakini wewe ni daktari wangu, na nimeshajifunza kwa gharama kubwa kwamba daktari haambiwi uongo.

Nilikuwa nalenga kile cha karibu.

Mjomba wako,
Jamsran